Mizani Moja: Uhuru wa Dini na Heshima ya Familia Mbele ya Mataifa

Hotuba ya mwanachama wa hekalu katika maadhimisho ya mwaka, Mabwerebwere

        

Kamati imeniomba niseme neno juu ya uhuru wa dini na maadili ya familia katika mazungumzo ya mataifa. Nilisita. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na diplomasia yangu haijapita kuwapatanisha dereva wa lori na wapakiaji wa magunia. Lakini mzee mmoja wa kamati aliniambia: "Wewe umeshika mizani miaka arobaini. Zungumza kama mtu wa mizani." Basi nitazungumza hivyo.

Nianze kwa kuomba radhi juu ya lugha yetu ya nyumbani, ambayo imewachekesha majirani kwa vizazi vitatu. Kwa Kigujarati, mdogo wake baba huitwa kaka, na babu mzaa baba huitwa dada. Nilipokuwa mtoto nikipita sokoni nikiita, "Dada, Dada!", na akageuka mzee mwenye masharubu, soko zima lilianguka kicheko. Tulicheka pamoja nao. Wapo pia waliotukumbusha methali ya kale ya pwani: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Marehemu baba yangu hakuichukia methali hiyo. Alikuwa akisema, "Angalau wanakiri kwamba kiatu kinafaa. Kazi yetu ni kuwafanya wasahau lile neno la kwanza." Kisha akatufundisha kutofautisha maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mjaini, Mhindu ni mfuasi wa dini hii ambayo nyumba yake mmeizunguka leo.

Tofauti hiyo ina maana katika kisa cha kwanza ninachotaka kuwasimulia, maana kinatuonyesha jinsi dini, ndoa na siasa za mataifa zilivyokutana katika ardhi hii ya Afrika.

Mwezi Machi mwaka 1913, huko Afrika Kusini, jaji wa Mahakama Kuu ya Cape aitwaye Searle alitoa hukumu katika shauri la mwanamke kutoka India aliyekataliwa kuingia nchini kumfuata mumewe. Jaji alisema kwamba ndoa inayotambuliwa na sheria ya nchi ile ni ile iliyofungwa kwa taratibu za Kikristo, au kuandikishwa kwa mujibu wa sheria hiyo. Kwa neno hilo moja, maelfu ya wanawake walioolewa kwa taratibu za Kihindu, za Kiislamu na za Kiparsi walilala wake za watu wakaamka hawana waume. Watoto wao walikuwa hatarini kuitwa wa nje ya ndoa, na urithi wao ukatiliwa shaka.

Nawaomba mtambue jambo moja. Mwanamke yule wa shauri lile hakuwa Mhindu. Alikuwa Mwislamu. Lakini waliosimama kumtetea walikuwa Wahindi wa dini zote, wakiongozwa na Mhindu, Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, katika pwani ileile ya Kathiawar alikotoka babu yangu. Mkewe Kasturba alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kujitoa. Alikamatwa Septemba 1913, akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu. Wachimba makaa wa Newcastle waligoma. Wanaume na wanawake wakatembea kwa miguu kuvuka mpaka wa Transvaal, wakijua kwamba wangekamatwa. Ndoa haikuwa kero pekee, ilikuwepo pia kodi ya pauni tatu; lakini ndoa ndiyo iliyowatoa akina mama jikoni na kuwapeleka gerezani.

Habari zilifika India, na hapo diplomasia ikaingia. Novemba mwaka ule, Lord Hardinge, mtawala wa Kiingereza nchini India, alisimama Madras akasema hadharani kwamba anawahurumia Wahindi wale. Serikali ya Afrika Kusini ilikasirika, lakini haikuweza kuziba masikio. Mazungumzo kati ya Gandhi na Jenerali Smuts yalifuata, na mwaka 1914 ikapitishwa sheria iliyofuta kodi ile na kuitambua ndoa ya mke mmoja iliyofungwa kwa dini ya wahusika. Haikumaliza yote, nyumba za wake wengi ziliachwa nje. Hata hivyo mlango uliokuwa umefungwa ulifunguka.

Mimi nayapata mafunzo mawili hapo. La kwanza: asiyetambua dini ya mtu, kesho hatatambua nyumba yake. Uhuru wa dini si suala la kuabudu tu. Unaingia hadi kwenye cheti cha ndoa, jina la mtoto, na namna ya kumsindikiza marehemu. La pili: aliyetetewa alikuwa wa dini nyingine. Kama Wahindu wa Natal wangesema, "Hili ni la Waislamu," wangeamka asubuhi na wao hawana wake.

Hapa kwetu tumejaliwa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadili, na inasema kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si sehemu ya shughuli za dola. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Mimi na mke wangu tulizunguka moto mtakatifu, tukapiga hatua saba kama walivyofanya wazee wetu, na serikali ikaiandika ndoa yetu sawa na ya jirani yangu aliyefungishwa msikitini. Sikuhitaji kwenda jela ili mke wangu aitwe mke. Vijana, msilione hilo kuwa dogo. Mwaka 1972, nchi jirani, Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku tisini kuondoka. Familia zilitawanyika Uingereza, India na Kanada, huyu na pasi hii na yule na pasi ile. Mahekalu yakabaki bila wenyewe. Mwalimu Nyerere alilipinga jambo lile waziwazi. Baba yangu alisikiliza redio usiku ule na usiku uliofuata, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilala bila kufunga sanduku lake la chuma.

Sasa niingie katika baraza la mataifa. Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono, nane hazikupiga kura, na hakuna iliyopinga. Wengi hudhani kwamba hati ile ni ya Wazungu. Katika tume iliyoiandaa, iliyoongozwa na Eleanor Roosevelt, alikuwemo mama wa Kigujarati, mzaliwa wa Surat, Hansa Mehta, aliyeiwakilisha India. Rasimu ya Kiingereza ilisema kwamba wanaume wote huzaliwa huru, kwa kutumia neno ambalo lugha ile hulitumia pia kwa maana ya binadamu. Hansa Mehta aliona kwamba wapo watakaolisoma kwa maana ya wanaume tu, na wanawake wakaachwa nje. Kwa hoja yake likabadilishwa, wakawekwa wanadamu wote. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Kwetu mtu ni mtu, mke au mume. Lakini si kila lugha imejaliwa hivyo, na si kila mwenye Kiswahili anaishi kwa kufuata neno lake.

Ibara ya 18 ya Tamko lile inahusu uhuru wa dini, na wa kuibadili. Wakati wa mjadala, mjumbe wa Pakistani, Zafarullah Khan, aliitetea kwa kutumia mafundisho ya Uislamu. India na Pakistani, ambazo mwaka mmoja tu uliotangulia ziligawanyika katika umwagaji damu, zote mbili zilipiga kura ya ndiyo.

Ibara ya 16 ndiyo inayohusu familia, na hapa nawaomba utulivu, maana hapa ndipo mizani hupinda. Ibara ile ina mafungu matatu. Fungu la tatu linasema kwamba familia ni kiini cha asili cha jamii na inastahili kulindwa na jamii na dola. Wanaojiita watetezi wa mila hupenda fungu hilo. Huko Geneva na New York hulisoma kwa sauti kubwa. Lakini kabla yake yapo mafungu mawili: kwamba mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa, na kwamba ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana, wakiwa wametimiza umri. Tena lipo kundi la pili, ambalo huyasoma mafungu mawili ya kwanza na kunyamaza lifikapo la tatu, kana kwamba familia ni jela na wazee ni askari magereza. Wote hao ni wauzaji wa mizani mbili: moja ya kununulia, moja ya kuuzia. Sokoni mtu wa namna hiyo hupoteza wateja. Katika baraza la mataifa, wanaopoteza ni watoto, akina mama na wazee wasiokuwa na mjumbe.

Bara letu liliandika hati yake mwaka 1981, mjini Nairobi: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ulianza kutumika mwaka 1986. Ibara ya 8 inalinda dini. Ibara ya 18 inaitaka dola iisaidie familia, ambayo ni mlinzi wa maadili na mila zinazotambuliwa na jamii. Fungu linalofuata palepale linataka ubaguzi dhidi ya wanawake ukomeshwe, na la mwisho linawakumbuka wazee na walemavu. Kisha ibara ya 29 inasema jambo ambalo Tamko la 1948 halikulisema: kwamba mtu ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote, na kuwatunza wakihitaji. Mimi nilipolisikia hilo nilifurahi kama mtu aliyekuta jina la kijiji chake kwenye ramani. Hilo ndilo neno ambalo Afrika, na sisi Waafrika wa asili ya India, tunaweza kulipeleka duniani bila haya.

Na uhuru wa dini haumhusu mwenye jengo peke yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua kwamba kuwafukuza Waogiek kutoka Msitu wa Mau, nchini Kenya, kuliwavunjia pamoja na haki nyingine uhuru wao wa kuabudu, kwa kuwa msitu ndio mahali pao patakatifu. Hawana hekalu la mawe wala mnara, lakini mizani ile ile iliwapimia.

Ndugu zangu, nimesema ya Cape, ya Paris na ya Nairobi. Ningeishia hapo mngenipigia makofi, na mimi ningerudi nyumbani nikiwa mwongo. Kwa hiyo nitasema na la nyumbani kwangu, kwa ruhusa ya wenyewe.

Marehemu kaka yangu aliniachia binti. Nilimlea tangu akiwa na miaka tisa. Aliniita kaka, kwa maana ya Kigujarati, na majirani walidhani ni dada yangu. Alipokua alisoma ualimu, akampenda mwalimu mwenzake, kijana wa hapa hapa wilayani, Mkristo. Baadaye akaniambia kwamba ameamua kwa hiari yake kuifuata imani ya mumewe. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Nilimwambia kijana yule asikanyage kizingiti changu. Nikasema natetea dini na familia. Miaka minne sikutamka jina la mtoto niliyemsuka nywele asubuhi za shule.

Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Mnakumbuka. Reli ilisombwa, nyumba zilianguka, watu wakaishi kwenye mahema. Maji yaliingia ghalani kwangu usiku. Nilikuwa nimesimama na tochi, nisijue nianzie wapi, nikaona vijana sita wanakuja ndani ya maji. Mbele yao ni yule mwalimu. Hakunisalimia kwa maneno mengi. "Shikamoo mzee," akainamisha bega, akabeba. Walihamisha magunia mpaka alfajiri, wakayapanga kwenye baraza la nyumba yangu iliyo juu. Mke wangu akatoa chai, akamwambia, "Baba, ingia ndani ukae." Kijana akasimama pale pale barazani, ananyeshewa na mvua, akajibu kwa adabu, "Ahsante mama. Mzee hajanikaribisha."

Hakuwa na kiburi. Alikuwa anaheshimu neno langu. Nilikuwa nimezungumzia heshima kwa wakubwa maisha yangu yote, na sasa heshima hiyo ilikuwa imesimama kwenye mvua mbele yangu, na mimi ndiye niliyeifungia mlango.

Nilimshika mkono nikamwingiza. Maji yalipopungua nilikwenda kwa binti yangu. Sitasema yaliyozungumzwa. Yeye ni Mkristo hadi leo, na mimi ni Mhindu. Diwali huja na watoto wake kuwasha taa pamoja nasi. Krismasi mimi na mke wangu huenda kwake. Watoto wake huniita dada, kwa maana ya babu, na darasa lao lote huwacheka. Hekalu hili halikuanguka. Familia yangu haikuvunjika. Ilikuwa imevunjika zamani, na mvunjaji alikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti matatu, na nayatoa kwenu kama ushauri wa mtu wa duka.

La kwanza: uhuru ninaoutaka kwa Mhindu aliye mchache Kilosa, ndio huo huo niutake kwa Mwislamu na Mkristo walio wachache Gujarat, na kwa Mhindu aliye mchache Pakistani. Wale wenzetu wenye jamaa India, tunapozungumza nao kwa simu, tuwaambie hivyo. Kila mmoja wetu ni balozi mdogo. Aliyewahi kuwa mbunge wa Morogoro, marehemu Amir Jamal, alikuwa Mtanzania wa asili kama yetu, ingawa wa dini nyingine, na baadaye aliiwakilisha nchi hii katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Alisema kwa niaba ya Watanzania wote, wala si kwa niaba ya jamaa zake.

La pili: mila iliyo njema haiogopi ridhaa. Bibi yangu aliletwa kwa meli akiwa ameolewa na miaka kumi na mitatu. Hakuulizwa. Alikuwa mama bora, lakini uzeeni alimwambia mama yangu kwamba hakuwahi kucheza. Gandhi naye alioa katika umri huo huo, na baadaye aliandika kwa majuto. Mahakama Kuu yetu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa vinapingana na Katiba. Wapo waliosema hiyo ni vita dhidi ya familia. Mimi nasema ni kinga yake. Nyumba isiyojengwa kwa ridhaa ni ghala lililojengwa mkondoni mwa mto.

La tatu: tusiwaachie wengine neno familia. Tusiseme kwamba kumtunza mama mzee ni mambo ya kale, au kwamba mtoto hana haja ya babu. Mwalimu Nyerere aliposema ujamaa mwaka 1962, alilichukua neno kutoka kwa jamaa, watu wa nyumba moja, akalipanua hadi taifa. Wazee wa Kihindu nao hufundisha kwamba dunia nzima ni nyumba moja. Mwaka 2023 India ililifanya fundisho hilo kuwa kauli ya mkutano wa G20 mjini New Delhi, na katika mkutano ule ule Umoja wa Afrika ukapewa kiti cha kudumu. Kauli ni nzuri. Lakini nyumba haipimwi kwa maneno yaliyoandikwa ukutani. Hupimwa kwa nani anakaribishwa kuingia mvua inaponyesha.

Baba yangu alipofariki, jirani zetu Waislamu walileta kuni, na kwaya ya kanisa ilikaa kimya kando ya mto mpaka moto ulipozimika. Hakuna aliyewaamrisha, na hakuna mkataba uliotiwa saini. Mabalozi wa dunia wangekuwepo siku ile, wasingehitaji kuuliza kwa nini tunataka ibara ya 18 na ibara ya 16 zikae kwenye ukurasa mmoja.

Mlango wa hekalu uko wazi. Chakula kiko tayari, hakina nyama, na kinatosha kwa wote. Karibuni ndani.